Nyasi za Ufipa Zinapochanua

Katika uwanda wa Ufipa, msimu wa maua na wadudu ni masika. Mvua huanza Novemba, mwaka mwingine ikachelewa hadi Desemba, na hunyesha mpaka Aprili; miezi iliyobaki ni kiangazi, chenye baridi ya Juni na Julai, upepo na vumbi. Vitabu vingi vya watoto vilivyotungwa Ulaya huchora vipepeo na maua chini ya jua kali na anga jeupe, na mtoto wa Sumbawanga anayevisoma huelewa kwamba pori hustawi jua likiwaka. Nje ya dirisha la darasa lake mambo ni kinyume. Jua likiwaka bila mvua, milima ya Mbizi huwa na rangi ya udongo. Wingu likishuka, ndipo nyasi zinapoamka. Anayetaka kujifunza wadudu na maua ya Ufipa akubali kwanza kulowa.

Uwanda wenyewe umeinuka katikati ya maziwa mawili, Tanganyika upande wa magharibi na Rukwa upande wa mashariki. Maziwa hayo yako kwenye mwinuko wa karibu mita 800 juu ya usawa wa bahari, ilhali mji wa Sumbawanga unakaribia mita 1,800 na vilele vya Mbizi hupita mita 2,300. Anayetoka mjini kwenda Muze hushuka ukingo wa Lyamba lya Mfipa kwa takribani mita 1,000, akaacha koti na kutafuta kivuli siku hiyo hiyo. Juu ni nyasi, mashamba na ng'ombe, na miti ya asili imebaki hasa kwenye makorongo na katika msitu wa Mbizi. Baridi na uwazi huo humfukuza mbung'o, ndiyo maana ng'ombe wamekaa Ufipa tangu zamani wakati pori la chini lilikuwa hatari kwao.

Yapo maua yasiyosubiri mvua. Septemba na Oktoba, nyasi zikiwa zimeshachomwa na ardhi imejaa masizi, vichipukizi vyenye maua hutokeza juu ya majivu hata kabla ya jani la kwanza. Mpita njia hujiuliza maji yametoka wapi. Yametoka chini. Mimea hii ina mizizi minene, vitunguu au mashina yaliyojificha udongoni, na kinachoonekana juu ni sehemu ndogo tu ya mwili wake. Mwaka 1976 Frank White, mtaalamu wa mimea wa Oxford, aliandika juu ya misitu ya Afrika iliyo chini ya ardhi: mimea yenye ukoo na miti mikubwa, wakiwamo jamaa za mbula, ambayo katika nyanda zinazoungua mara kwa mara imeacha kurefuka na kuweka mbao zake ardhini. Moto hupita juu yake kama upepo. Anayekanyaga kichipukizi cha urefu wa kidole kando ya njia huenda anakanyaga ncha ya mti mkongwe.

Mvua ya kwanza huwaita kumbikumbi. Watoto wengi huwajua kwa meno kabla ya kuwajua kwa macho, kwa hiyo inafaa mmoja atazamwe vizuri kabla ya kutiwa kikaangoni. Ana mabawa manne, yote ya urefu mmoja, marefu kuliko mwili. Siafu au chungu mwenye mabawa ana mawili marefu na mawili mafupi, tena ana kiuno chembamba ambacho kumbikumbi hana. Kwa alama hizo mbili tu mtu hawezi kuwachanganya tena. Karibu na bega la kumbikumbi, kila bawa lina mstari wa kukatikia. Akishatua hujitikisa kidogo na mabawa yote huanguka, bila jeraha lolote. Kisha jike hutangulia na dume humfuata nyuma, wamegusana hivi kwamba huonekana kama mdudu mmoja mrefu, wakitafuta mahali pa kuchimba. Jozi hiyo ikinusurika ndiyo mfalme na malkia wa kichuguu kipya. Wengi hawafiki huko: kuku, vyura, mwewe, na beseni la maji lililowekwa chini ya taa vinawasubiri. Hukaangwa bila mafuta, maana mafuta wanayo wenyewe.

Neno mdudu lenyewe ni pana. Katika Kiswahili cha kila siku kupe ni mdudu, buibui ni mdudu, nge na jongoo ni wadudu, na hata kiini cha ugonjwa kisichoonekana kwa macho huitwa mdudu. Somo la baiolojia limelibana neno hilo hilo: mdudu ni mwenye miguu sita, mwili wa sehemu tatu na vipapasio viwili kichwani. Maana zote mbili zina kazi zake, ila mwalimu anayesahau kuzitenganisha huwaacha wanafunzi wakihesabu miguu ya buibui kwa mashaka. Upande wa maua lugha imekuwa bahili zaidi. Kiswahili kina jina la mdudu anayeliwa, la anayeuma na la anayemaliza mazao: kumbikumbi, senene, siafu, mbung'o, dumuzi, kiwavijeshi. Ua la porini lisiloliwa wala kutibu mara nyingi hubaki kuitwa ua la porini, basi. Tumbo na maumivu vimetangulia kutoa majina, na macho yamechelewa. Hilo ni pungufu linaloweza kuzibwa, kwa kuwa majina mengine yamo katika Kifipa, vinywani mwa waganga wa mitishamba na wazee waliochunga ng'ombe utotoni.

Januari na Februari macho ya Ufipa yako shambani, kwenye mahindi na maharage. Hapo elimu ya kumtambua mdudu ina thamani ya gunia. Kiwavijeshi vamizi, mzaliwa wa bara la Amerika, alithibitishwa barani Afrika mwaka 2016 na kufika Tanzania mwaka 2017, Rukwa ikiwa miongoni mwa mikoa ya mwanzo kumwona. Hujificha ndani ya kikonyo cha majani machanga ya mhindi, na kinachomfichua kwanza ni kinyesi chake, ungaunga wenye unyevu kama vumbi la msumeno. Akitolewa na kutazamwa usoni, kichwani ana mstari mweupe wa umbo la herufi Y iliyopinduliwa. Karibu na mkia, kwenye pingili ya pili kutoka mwisho, ana vidoa vinne vyeusi vilivyokaa kama pembe nne za mraba. Kiwavijeshi wa siku zote hana mpangilio huo wa vidoa. Huyo wa zamani huja na mvua za upepo, hutembea kwa makundi mchana kweupe, humaliza nyasi na kutoweka. Mgeni huyu hubaki. Mkulima aliyezijua alama hizo anajua pia kwamba dawa inayopuliziwa juu ya jani haimfikii aliye ndani ya kikonyo.

Kwenye maharage yuko mdudu mwingine, mwenye ganda gumu jeusi lenye mapande ya njano au machungwa, mtulivu, asiyekimbia hata akiguswa. Kazi yake ni kula maua, na ua lililoliwa halitoi ganda la maharage. Utulivu wake una sababu: mwilini ana sumu inayoitwa kantharidini, ambayo huvimbisha ngozi malengelenge ya maji. Dudu liumalo usilipe kidole. Lakini simulizi yake haiishii kwenye hasara. Buu lake huishi ardhini, na katika spishi nyingi za ukoo wake chakula cha buu ni mayai ya panzi. Mzazi hula ua la mkulima, mtoto hula adui wa mkulima. Mtu anayetaka kumpa mdudu huyu hukumu moja, mwema au mbaya, atapata taabu.

Na panzi wa Rukwa si wa kupuuzwa. Nzige mwekundu ndiye mdudu aliyeliingiza jina la Rukwa katika ramani za wanasayansi wa dunia. Kati ya 1930 na 1944 makundi yake yalisambaa sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa ikweta, na watafiti walipofuatilia chimbuko lake walirudishwa kwenye mbuga chache tu, Bonde la Rukwa na Mweru wa Ntipa ya Zambia zikiwa za mbele. Mwaka 1949 serikali za wakati huo ziliunda shirika la kimataifa la kudhibiti nzige mwekundu, likaweka makao yake Abercorn, mji unaoitwa Mbala leo, kusini kidogo ya mpaka wa Zambia.

Mdudu huyu ni wa masika kama mahindi yalivyo. Jike hutaga katika udongo uliolowa mwanzo wa mvua. Baada ya karibu mwezi mmoja hutoka tunutu, watoto wasio na mabawa, nao hukua kwa kujivua ngozi hadi Machi au Aprili wanapopata mabawa kamili. Kisha hufanya jambo la subira kubwa: hukaa kiangazi kizima, miezi saba au minane, bila kuzaa, wakingoja mvua ya mwaka unaofuata. Kizazi ni kimoja kwa mwaka. Jina lake la Kilatini lina maana ya mwenye mikanda saba, kutokana na alama za kahawia kwenye bawa la mbele. Wekundu uko kwenye shina la bawa la nyuma na huonekana akiruka. Akiwa peke yake ni panzi mkubwa tu asiyemdhuru mtu. Wakisongamana, tabia hubadilika, rangi za tunutu hubadilika, na wale waliokuwa wakikwepana huanza kufuatana.

Kwa nini Rukwa? Swali hilo lilimpata mtu aliyefaa. Desmond Vesey-FitzGerald aliajiriwa na shirika lile la Abercorn kwa ajili ya nzige, na kazi ikamgeuza kuwa bingwa wa nyasi. Aliona kwamba ziwa hili lisilo na mto wa kutokea, lenye kina kifupi, hupanuka na kunywea mwaka hadi mwaka, na maji yanaporudi nyuma huacha mbuga mpya yenye nyasi ndefu hapa, fupi pale, na udongo mtupu katikati. Nzige anahitaji vyote vitatu: udongo wa kutagia, nyasi fupi za kula, na ndefu za kulala. Kumwelewa mdudu kulimdai mtafiti ajue majina ya majani yote aliyokanyaga. Baadaye alifanya kazi na Hifadhi za Taifa Tanzania, na kitabu chake juu ya nyasi za Afrika Mashariki kilitoka mwaka 1973. Katika historia ya elimu ya viumbe vya Rukwa, hakuna mfano mzuri kuliko huo wa somo la mdudu lililoishia kuwa somo la mmea.

Nzige hajaondoka. Mwaka 2009 makundi yaliibuka tena katika mbuga za Iku kule Katavi, Bonde la Rukwa na bonde la mto Malagarasi, na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilisaidia kuyazima kwa kupulizia dawa ambayo kiini chake ni kuvu. Kuvu huyo, wa jamii ya Metarhizium, humpata nzige na jamaa zake wa panzi, humwotea ndani ya mwili na kumuua, na huwaacha nyuki, samaki na ndege salama. Ilikuwa mara ya kwanza dawa ya namna hiyo kutumika barani Afrika kwa kiwango kikubwa kama kile.

Juu uwandani, Februari na Machi, wakati tunutu wanakua kule chini, nyasi za Ufipa ziko kwenye kilele cha maua. Gladiola ya porini husimama na vikombe vyake vya njano na nyekundu. Hiyo ni miongoni mwa mababu wa gladiola zinazouzwa kwa ajili ya harusi katika miji mikubwa ya dunia. Katikati ya nyasi fupi, mahali penye unyevu, huchanua okidi za ardhini, ambazo zinahitaji mtu apige magoti.

Mfano ni okidi za jamii ya Satyrium. Bua moja lililonyooka limebeba maua madogo mengi, ya waridi, meupe au ya kijani, yamesongamana kama punje kwenye gunzi. Okidi nyingi duniani hulizungusha ua lingali tumba, hadi ile petali pana iitwayo mdomo inakuwa chini, kibaraza cha mdudu kutua. Satyrium hailizungushi. Mdomo hubaki juu, umejikunja kuwa kofia, na nyuma ya kofia huning'inia vijibomba viwili vyembamba vyenye mbochi. Ukucha wa kidole ukipita polepole nyuma ya ua huvihisi vyote viwili. Mdudu anayeingiza mrija wake kutafuta mbochi hutoka na vifurushi vya chavua vimemganda kwa gundi, na hulazimika kuvibeba hadi ua lingine. Mbegu zinazotokea ni laini kama vumbi, maelfu katika ganda moja, na hazina akiba ya chakula. Mbegu haiwezi kukua mpaka ikutane na kuvu wa udongoni atakayeilisha. Kuvu mmoja humwokoa mkulima na nzige, mwingine huilea okidi. Na miaka hupita kabla mche wa namna hiyo haujatoa ua lake la kwanza.

Chini ya bua kuna viazi viwili. Kimoja kimesinyaa, ndicho kilicholisha ua la mwaka huu. Kingine ni kigumu na kimejaa, ndicho akiba ya mwaka ujao. Mchimbaji hutafuta hicho kigumu. Viazi vya okidi hukaushwa na kutwangwa, huchanganywa na unga wa karanga, magadi, chumvi na pilipili, vikapikwa hadi vishikamane kama mkate mzito unaokatwa vipande. Hiyo ndiyo chikanda, chakula kinachopendwa sana Zambia, kwenye harusi na kwenye meza za barabarani. Okidi za Zambia kaskazini zilipopungua, wanunuzi walivuka mpaka kuingia nyanda za juu kusini za Tanzania. Utafiti wa Tim Davenport na Henry Ndangalasi, uliochapishwa mwaka 2003 katika jarida la Oryx, ulikadiria kwamba viazi kati ya milioni 2.2 na milioni 4.1 vilikuwa vikisafirishwa kwenda Zambia kila mwaka, na kwamba hadi spishi 85 za okidi zilikuwa hatarini.

Ni rahisi kumlaumu mwenye jembe, na si haki. Anayechimba mara nyingi ni mama au kijana anayepata fedha ya chumvi na daftari kutokana na kitu kisicho na mwenyewe. Lakini hesabu ya ardhini haibadiliki kwa huruma: kiazi kimoja ni mmea mmoja mzima, na mmea ulihitaji miaka na kuvu wake. Okidi zote za porini zimo katika mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na usafirishaji wake nje ya nchi unadai kibali. Kitulo, iliyoko upande wa Makete na Mbeya, ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005 kwa ajili ya maua yake, ikaitwa Bustani ya Mungu. Ufipa yenye nyasi za namna hiyo haina hifadhi ya taifa iliyowekwa kwa ajili ya maua, na ilistahili.

Mvua ikielekea kukatika, kingo za barabara hugeuka njano kwa alizeti pori. Wengi hudhani ni mwenyeji. Asili yake ni Meksiko na nchi jirani zake. Kishona nguo, kinachonata kwenye sketi na suruali za wapita njia, kimetoka Amerika pia, na bangi mwitu yenye harufu kali vilevile. Nyuki hawabagui, huchukua chavua kote. Mwanafunzi wa maua ndiye anayepaswa kujua kwamba kinachoota chenyewe si lazima kiwe cha asili, na kwamba ua la Ufipa hasa mara nyingi ni lile dogo lililojificha nyuma ya mgeni.

Sehemu kubwa ya kilichoandikwa juu ya maua hayo kimetokana na watu waliotembea na daftari. Mary Richards, mwanamke wa Wales aliyezaliwa mwaka 1885, alianza kazi yake ya kukusanya mimea katika nyanda hizi akiwa amepita miaka 60, makazi yake yakiwa Abercorn. Alipanda na kushuka Ufipa, Mbizi na Malonje zikiwamo, akikausha mimea na kuipeleka Kew huko London, na spishi kadhaa zimepewa jina lake. Katika kitabu kikubwa cha mimea ya Afrika Mashariki, kilichoanza kutolewa mwaka 1952 na kukamilika 2012 kikiwa na spishi zaidi ya 12,000, Ufipa hutajwa ukurasa baada ya ukurasa. Karatasi ya mmea mkavu haina mengi: mahali, mwinuko, tarehe, rangi ya ua likiwa bichi, aina ya ardhi. Mara nyingi sehemu ya jina la kienyeji imeachwa wazi, kwa kuwa hakuna aliyeulizwa.

Simu ya mkononi leo inaweza kufanya karibu kazi yote ya karatasi ile. Msomaji aliye Sumbawanga, Laela, Matai au Namanyere mwezi Februari apige picha ya ua lote pamoja na jani lake, aandike tarehe na jina la kijiji, amuulize mtu mzima jina la Kifipa na kuliandika kama linavyotamkwa, na kiazi akiache ardhini.